Weusi wa Kisu cha Baba

Baba alikuwa na kisu ambacho hakijawahi kukata kitu. Kilikaa kwenye kabati la sebuleni, nyuma ya vikombe vya wageni, ndani ya ala ya plastiki ngumu, na kilikuwa cheusi kuanzia mpini hadi ncha. Kila Krismasi, ndugu wakishapanda Machame kutoka Dar na Arusha na wakishashiba, lazima mmoja aseme, "Hebu tuletee kile kisu." Baba anakileta, kinazunguka sebule nzima kikishikwa kwa mikono miwili kama mtoto anayepelekwa kubatizwa, halafu kinarudi kabatini. Mbuzi anakuwa ameshachinjwa tangu asubuhi, kwa kisu cha jikoni chenye mpini uliofungwa mpira wa baiskeli.

Baba aliongoza wageni mlimani kwa miaka mingi, mpaka goti lilipokataa. Kisu alipewa na mgeni aliyeishiwa pumzi karibu na kilele, baba akamshusha, sehemu kubwa ya njia akiwa mgongoni. Walipofika getini mgeni alikichomoa kiunoni akampa, akamwambia ni kisu cha wanajeshi wa kwao. Hadithi ndiyo hiyo. Sijawahi kuisikia ikibadilika hata neno, jambo ambalo kwa mtu mwingine lingekuwa ushahidi kwamba ni ya kweli. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kusubiri kazi, na mtu anayesubiri kazi huanza kuchunguza vitu vya ndani. Nilihoji kwa nini mchungaji anatusomea matangazo ambayo tumeshayapata kwenye simu. Nilihoji kwa nini ng'ombe wetu wote wana jina moja. Nilihoji hata sale. Sale ni mmea tunaoupanda mipakani kuzunguka kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani. Ukimkosea mtu unampelekea jani lake, naye hana ruhusa ya kukataa kukusamehe. Nilimwambia mama kwamba msamaha usioweza kukataliwa si msamaha, ni utaratibu wa ofisi. Mama akaniambia niende nikakate majani ya ng'ombe.

Chuoni nilipata A katika somo la mbinu za utafiti. Nalitaja hili hapa kwa sababu litahitajika baadaye.

Jumapili moja ya Desemba, baada ya ibada, baba mdogo alikuwa kwetu anakunywa chai. Baba mdogo ana duka la vifaa vya ujenzi mjini, kwa hiyo ana maoni juu ya kila kitu cha chuma. Baba akatangaza kwamba mwaka huu mbuzi wa Krismasi atachinjwa kwa kisu cheusi. Alisema amefika umri wa kuacha kutunza vitu.

"Kaka, mbuzi amekukosea nini?" baba mdogo akauliza. "Kile ni bati. Kimepakwa masizi. Ukikivua ile nguo utakuta kopo la maziwa."

"Ni chuma cha jeshi."

"Jeshi gani? La siafu?"

Nilicheka. Baba akanitazama. Amewahi kuniona nikicheka utani wa mdogo wake mara nyingi tu, lakini si utani huu.

"Haya profesa," baba mdogo akanigeukia, "wewe unasemaje?"

Nilisema hatuna data. Nilisema ule weusi ni koti tu, viwandani wanapaka ili chuma kisishike kutu, na chini yake kunaweza kuwa na chuma kizuri au kibovu. Anayetaka kujua inabidi akione chuma chenyewe kikiwa kitupu.

"Basi kivue," baba akasema. Alinyanyuka, goti likalia, akaenda kabatini, akarudi na kisu akakiweka mezani kati ya sukari na maziwa. "Kivue wote tuone. Mimi siogopi."

Nilijua ameweka nini pale mezani. Kikiwa bati, basi yule mtu aliyebebwa mgongoni alimpa baba takataka, na baba ameionyesha takataka hiyo kwa ukoo mzima kila mwaka kwa fahari. Baba mdogo angelisema hilo hadi kwenye misiba. Nilijua yote hayo. Nikakichukua.

Jumatatu nilianza na msasa. Hadi mchana nilikuwa nimesafisha eneo la ukubwa wa ukucha, na ukucha wangu mwenyewe ulikuwa umekwisha. Nikajaribu thina. Thina iliondoa rangi yote iliyokuwa kwenye kucha zangu, kisu kikabaki vilevile. Kwenye simu nilipata video ya bwana mmoja mwenye ndevu aliyekivua kisu cha aina hiyo kwa dawa ambayo jina lake sikuweza hata kulitamka dukani. Video ikaisha. Nikafikiri, kitu gani huondoa rangi kwenye chuma? Moto. Mabati ya jikoni kwetu yaliwahi kuwa na rangi.

Jumanne nikawasha jiko la mkaa nyuma ya nyumba, nikakilaza kisu juu ya makaa, mpini ukiwa nje, nikapepea kwa sahani. Ule weusi ulianza kukakamaa, ukafanya magamba, ukadondoka. Chuma kilikuwa kinageuka rangi nikikiangalia: njano ya nyasi kavu, kisha zambarau, kisha buluu nzuri sana, kisha kikawa chekundu. Nilipiga picha. Halafu, kwa kuwa nimelelewa kuwa mwangalifu, sikukimwagia maji, kisije kikapasuka. Nilikifukia kwenye jivu la moto kipoe polepole hadi asubuhi.

Jumatano msasa uliondoa mabaki kwa muda mfupi. Sasa nilikuwa na kisu cha kijivu chenye madoa, na hakuna kilichoandikwa juu yake, si jeshi wala nchi. Nikachukua tupa ya baba. Kipimo chenyewe ni rahisi: unapitisha tupa kali kwenye makali, chuma kigumu kitaitelezesha tupa, chuma laini kitaliwa. Tupa ilikula. Ilikula kwa raha, kama mtu anayekula mtori asubuhi ya baridi. Unga wa chuma ulinijaa magotini.

Niliandika kwenye kundi la familia la WhatsApp, lenye watu hadi walioko Dodoma: "Matokeo ya kisu cha baba. Kimevuliwa koti. Kipimo cha tupa: chuma laini, ubora wa chini." Nikaweka na picha mbili. Baba mdogo alijibu kwa sauti, dakika nzima, na sehemu kubwa ya dakika hiyo alikuwa anacheka. Shangazi akauliza kama mbuzi amepona. Baba alisoma, jina lake likatokea kwenye orodha ya waliosoma. Nilimwona dirishani akichukua mundu na kushuka shambani kwa ngazi zile ambazo daktari alimkataza.

Utafiti mzuri hurudiwa na mtu mwingine, kwa hiyo Alhamisi niliteremka mjini. Kule Majengo, nyuma ya msikiti, kuna fundi anayetengeneza mapanga na visu kwa springi za malori mabovu. Ni mzee wa ndevu fupi nyeupe. Sikwenda kubishana. Nilikwenda anihakikishie.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umekuja na jeneza la nani?" Kisu nilikuwa nimekifunga kwenye kitambaa cheupe.

Alikifungua. Akakipiga ukucha, akasikiliza. Akakiegemeza kwenye jiwe la kunolea la umeme kidogo tu, upande wa mpini, cheche zikaruka. Akaokota kipande cha springi chini akakigusisha palepale. Cheche zilikuwa za aina moja, zinakwenda halafu zinapasuka kama nywele.

"Umeona? Chuma ni kama hiki changu. Si bati."

"Lakini tupa inakikula."

Akajaribu tupa yake. Ikakula. Akakunja uso, akakigeuza, akakitazama pale kwenye doa la buluu karibu na mpini.

"Dada, rangi uliitoa na nini?"

"Na moto."

"Kilifika wekundu?"

"Kilifika."

"Ukakizima kwenye maji? Kwenye oili?"

"Nilikifukia kwenye jivu. Polepole."

Fundi aliweka kisu chini, akafuta mikono, akamwita jirani yake anayeshona viatu aje asikie. Nikarudia.

"Kwenye jivu!" fundi akasema. "Ulikifunika na blanketi kabisa." Kisha akanihurumia, akanieleza taratibu. Chuma kikifanywa kisu, kinachomwa kikazimwa ghafla kwenye oili ndipo kinakuwa kigumu. Mimi nilikichoma tena nikakipoza kama mgonjwa. Ule ugumu nimeufuta. Zile rangi nzuri nilizopiga picha zilikuwa ugumu unaondoka.

"Kwa hiyo kabla sijakichoma kilikuwa kizuri?"

"Labda kilichomwa vizuri huko kwao, labda vibaya. Nitajuaje? Umeniletea maiti unaniuliza alikuwa anakimbia vipi."

Alisema anaweza kukichoma upya na kukizima, kitakata vizuri tu. "Ila hapo kitakuwa kisu changu. Muulize mwenyewe kwanza."

Njia nzima ya kurudi nilitafuta kosa kwenye maelezo ya fundi. Halikuwepo. Kosa lilikuwa kwangu, hatua ya pili, kabla ya kipimo: nilikiharibu kitu kwanza, ndipo nikakipima, nikawatangazia watu hadi Dodoma kwamba ni kibovu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona hilo.

Nilipofika mpakani mwa kihamba chetu nilisimama kwenye masale. Hakuna aliyekuwa ananiona. Nikashika jani moja, na kwa kuwa kilichokuwa mkononi ni kisu, nikalikata kwa kisu. Hakikukata. Nililisugua, nikalivuta, mwishowe likachanika.

Baba alikuwa kwenye benchi nje ya jiko, goti amelinyoosha. Nikampa jani kwa mikono miwili. Hakusema ameshangaa. Alilipokea, akalitazama pale lilipochanika, akapitisha kidole gumba.

"Umelikata na nini, mama?" Baba huniita mama, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake.

"Na kisu chako."

"Hakikati."

"Hakikati. Nilikiharibu, baba. Kwa moto. Fundi amesema chuma chake si bati, ni kama springi ya lori. Ulaini ni mimi."

"Kilikuwa kinakata."

"Uliwahi kukatia kitu?" Lilinitoka tu.

Ng'ombe akakohoa bandani.

"Umekuja kuomba msamaha au kunihoji?"

"Kuomba msamaha."

"Endelea."

Nikaendelea. Nilipomaliza alisema amenisamehe. Nilimwangalia usoni kuona kama ni utaratibu wa ofisi. Sikuweza kutofautisha. Alisema fundi asikiguse kisu, kibaki kilivyo. Halafu akasema, "Andika na hilo kwenye kundi." Niliandika. Sentensi nne, picha hakuna. Shangazi akauliza kama mbuzi anajua.

Krismasi mbuzi alichinjwa kwa kisu chenye mpira wa baiskeli. Baada ya chakula baba mdogo alijinyoosha kitini akasema, "Kaka, hebu tuletee lile bati."

Baba alikileta. Kilizunguka sebule nzima, kijivu, na madoa yake ya buluu, watu wakikishika kwa mikono miwili vilevile.

"Hiki kilikuwa chuma cha jeshi, namba moja," baba akasema. "Huyu hapa alikichoma. Muulizeni."

Baba mdogo akanigeukia. "Haya profesa. Sema ukweli wako. Kilikuwa kizuri au kilikuwa kibovu?"

Nilisema haiwezekani tena kujua. Hakuna mtu atakayeweza kuthibitisha kwamba kilikuwa kibovu.

"Mmesikia," baba akasema, akikirudisha kisu kwenye ala. "Na huyu ana A."