Pointi za Baba Mkwe

Kadi ile bado ninayo kwenye pochi, na kila nikiiona najitukana kimoyomoyo. Ni ya hoteli moja yenye matawi mawili, Iringa na Mbeya. Mimi nauza mbegu na dawa za mazao, naishi Mbeya, na kila mwezi kampuni inanipeleka Iringa siku nne na kunilipia chumba. Ukilala usiku mmoja unapata pointi moja. Pointi kumi zilikuwa zinakupa usiku wa bure, tawi lolote. Mama yangu mzazi yuko palepale Iringa, Mlandege, lakini nilikuwa nalala hotelini nisikose pointi. "Kwani kwangu kuna kunguni?" aliniuliza siku moja. Nikacheka. Ilimuuma, najua.

Pointi hizo nilikuwa namwekea baba mkwe.

Nimeolewa na Mnyakyusa wa Rungwe, na kwao mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Hamkai chumba kimoja, hamsemeshani, mkikutana njiani mmoja anaingia migombani mpaka mwenzake apite. Wengi wa mjini wameshaacha. Baba mkwe hajaacha, na ni mzee wa kanisa. Miaka kumi na moja ya ndoa nilimjua kwa kikohozi chake na kofia yake ya pama, basi.

Macho yalipoanza kumsumbua alikuja Mbeya hospitali, akarudi jioni hiyohiyo. Daktari alisema presha ya macho, apasuliwe mapema, halafu akae karibu na hospitali wiki nzima aangaliwe kila siku. Sasa alale wapi? Kwetu ni vyumba viwili. Hata nikiwa safarini, hawezi kulala ndani palipoanikwa kanga zangu. Na gesti za stendi, mzee wa kanisa aonekane anatoka humo asubuhi? Thubutu! Hoteli ndiyo ilibaki, na kuilipia wiki nzima kwa mshahara wangu ni ndoto.

Siku hiyo nilikuwa na pointi arobaini. Mume wangu akasema, "Tuanze na hizo siku nne, zilizobaki tutajua mbele kwa mbele." Nikakataa. Nilitaka zifike sabini, wiki kamili, chumba chenye kibaraza, mzee ashuke kwenye gari kama mkuu wa wilaya, na wifi zangu waseme binti wa Iringa kafanya makubwa. Nilitaka sifa, sina la kuficha. Tena sifa za mtu ambaye hata nisingemwona akifurahi.

Miezi mitano baadaye nikafika mapokezi Iringa na pointi sitini zangu, zimebaki kumi tu, kifua mbele. Binti wa mapokezi akatazama kompyuta, akanitazama mimi.

"Dada, utaratibu umebadilika. Siku hizi pointi zinakwenda na msimu. Huu ni msimu wa mikutano, usiku mmoja ni pointi arobaini."

"Yaani sitini zote ni usiku mmoja?"

"Na nusu, dada."

"Hiyo nusu mtakuja kumwamsha mzee saa sita mumtoe nje?"

"Meseji zilitumwa, dada. Msimu ukiisha huwa zinashuka."

Kweli zilitumwa. Zimo kwenye simu yangu mpaka leo, katikati ya matangazo ya mikopo na kubeti. Nilimfokea yule binti mpaka mlinzi akasogea. Masikini, si yeye aliyepanga.

Halafu nikasubiri msimu uishe. Jamani, nikasubiri tena! Mikutano ikaisha, ukaingia msimu wa mahafali, ukaingia wa sikukuu, na pointi hazikushuka hata kidogo. Mwisho mume wangu akachoka na mimi. Akampigia baba yake simu, akachukua usiku ule mmoja.

Mzee alikuja na mama mkwe. Mimi nilijifungia nyumbani. Mama mkwe alinisimulia kwamba mzee alikaa kitandani muda mrefu akipapasa mashuka, akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mkwe wangu." Kile kisabuni kidogo cha hoteli akakitia mfukoni, hajakifungua mpaka leo. Asubuhi daktari akammulika macho yote mawili, akazima tochi. Hakuna tena cha kupasua, alisema. Mngerudi mapema, kama nilivyowaambia ile mara ya kwanza.

Hakuna aliyenilaumu. Afadhali wangenilaumu.

Mwaka huu tulikwenda Rungwe kwenye mavuno ya viazi. Nilikuwa nyuma ya jiko na ndoo ya maji kichwani, nikasikia kikohozi barazani, nikasimama kama siku zote. Nikamsikia akimwambia mama mkwe kwa Kiswahili, makusudi, ili nielewe: "Mwambie apite tu na ndoo yake. Simwoni tena."

Mama mkwe akaniita kwa mkono. "Pita, mwanangu."

Nikapita mbele yake. Nilimtazama, Mungu anisamehe, kwa mara ya kwanza. Ana uso wa mume wangu mtupu, na macho yako wazi. Aliposikia hatua zangu zimekaribia, akavuta kofia yake ya pama, akageuzia uso ukutani kunipisha.