Mama, Geuka

Nina mdomo, na sijawahi kukataa. Kule Louisville, Marekani, tulikofikia kwanza tulipotoka kambi ya wakimbizi, nilikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa letu la Wakongo, na sikuwa mtu wa kusubiri wimbo uishe. Sauti ya tatu ikiteleza, nilipiga makofi palepale: simama, rudia. Jumapili moja niliugua. Kwaya ikasimama mbele bila mimi, ikaimba ubeti wa kwanza vizuri, na katika ubeti wa pili ikanyamaza kabisa. Waliponisimulia nilijifanya nasikitika. Kwa kweli nilifurahi mno, nikajiona mtu wa maana.

Tabia hiyo nilihamia nayo Columbus, na huko aliyeibeba yote ni binti yangu. Alikuwa na miaka kumi na mitano na alitaka jambo moja tu: kuingia timu ya mpira wa kikapu ya shule yao. Mwaka uliotangulia walimkata kwenye mchujo, akajifungia chumbani siku mbili, hata sombe ya majani ya muhogo niliyompikia hakuigusa. Kocha alimwambia kasi anayo, ila mitupo huru inamwangusha, ile ambayo mchezaji husimama peke yake kwenye mstari na watu wote wanamtazama.

Nikamwambia hilo ni dogo, niachie mimi. Mchezo huo niliucheza shuleni Uvira, kabla vita havijatutoa.

Basi kila jioni nilipotoka Westerville, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi ya kuwaogesha na kuwalisha, nilimpitia tukaenda kwenye uwanja mmoja wa wazi kule Clintonville, mimi nikiwa bado na viatu vya kazi. Nilisimama chini ya ringi. Yeye anatupa, mimi nasema.

"Kiwiko!"

Anatupa.

"Magoti, mama, kunja magoti!"

Anatupa.

"Bon, hiyo ni muzuri. Tena!"

Hakuna mpira uliogusa chini kabla sijautolea hukumu. Na ilifanya kazi, nisidanganye. Wiki ya kwanza alikuwa akiingiza minne katika kumi. Mwezi haujaisha, minane. Nilimpigia mume wangu simu ghalani anakofanya kazi, wakati wa mapumziko yake, nikamtangazia kwamba mwaka huu mtoto anaingia.

Mwezi wa saba vijana wa makanisa yetu wakakutana Buffalo kwa michezo. Tulifikia Lower West Side kwa mdogo wangu wa kike, ambaye zamani aliimba kwenye kwaya yangu kule Louisville. Mechi ya mwisho ilipobaki na sekunde chache, timu yetu ilikuwa nyuma kwa pointi moja, na binti yangu akapewa mitupo miwili. Ukumbi ulikuwa umechafuka: ngoma, vigelegele, akina mama wamesimama juu ya viti. Nilipiga kelele mpaka koo likauma, lakini hakusikia hata neno moja. Alitupa wa kwanza, ukagonga chuma. Akageuka kunitafuta. Akatupa wa pili, na mpira ukiwa bado hewani shingo yake ilikuwa imeshageuka. Tukashindwa.

Ndani ya gari nikaanza. "Kiwiko ilitoka, nilikuambia mara ngapi..."

Mdogo wangu akanikata. "Yaya, dada yangu, wacha. Mupira haiyafika kwa ringi, ye anakuangalia weye. Ni kama siye wa kwaya. Ile siku uligonjwa, ule wimbo tulikuwa tunaijua yote. Ila hakukuwa mutu wa kutuambia kama tunaimba muzuri. Tukaogopa."

Nilikasirika. Huyu, ambaye sauti yake niliinyoosha mwenyewe kwa miaka! Lakini kutoka kiti cha nyuma binti yangu akasema, kwa Kiingereza kama kawaida ya vijana wa huku, kwamba mama yake mdogo amesema kweli: hajui kama mpira ni mzuri mpaka asikie sauti yangu. Hakusema kwa ubaya. Nilisikia aibu. Kesho yake tukarudi Columbus.

Tulipofika uwanjani siku iliyofuata, alinishika mabega akanigeuza.

"Mama, geuka."

Sharti lilikuwa lake. Mimi niipe ringi mgongo. Yeye atupe, kisha aseme mwenyewe kimetokea nini na kwa nini. Mimi niseme nikiulizwa tu. Sijawahi kupewa adhabu kama hiyo. Nilisikia mpira ukigonga chuma, ulimi ukaniwasha.

"Umepungua nguvu," akasema nyuma yangu. "Magoti hayakufanya kazi."

Mwanzoni aliharibika. Ile minane ikashuka ikawa mitano, na mchujo ulikuwa unakaribia. Niliogopa kweli, nikaona sasa tunamnyima mtoto nafasi yake kwa sababu ya maneno ya mdogo wangu.

"Unaona?" nikasema.

"Geuka, mama."

Nikageuka. Nikahesabu mbwa waliokuwa wakipitishwa barabarani na wenye nyumba. Polepole mitano ikawa sita, sita ikawa saba. Kuna jioni alitupa mpaka jasho likamlowesha, na hakuniuliza swali hata moja.

Siku ya mchujo wazazi hatukuruhusiwa kuingia. Nilikaa ndani ya gari kwenye maegesho ya shule, nimeuma ncha ya kitambaa changu. Alipotoka, akafungua mlango, akaketi, akafunga mkanda. 

"Nimeingia," akasema.

Nilipiga vigelegele mpaka baba mmoja kwenye gari la jirani akapandisha kioo chake. Nikamkumbatia, nikamlilia shingoni, naye akacheka akaniacha nilie.

"Kocha aliniuliza nani alinifundisha kutupa," akasema baadaye.

"Ukamuambia nini?"

"Nilimwambia nimejifundisha mwenyewe."

Ilinichoma. Nikaikumbuka mipira yote niliyoiokota kwenye majani yaliyolowa, miguu yangu iliyovimba baada ya zamu. Neno la kumsahihisha lilikuwa tayari, limeshafika kwenye meno. Nikamtazama. Alikuwa anaangalia barabarani, ametulia, wala hakuwa anangoja niseme chochote.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ni weye mwenyewe."

Nikawasha gari.