Mnyororo Mkavu wa Tarishi Muhidini

Saa kumi alasiri, Ijumaa. Uani kwake Ufukoni, Muhidini Salumu amepindua baiskeli ya ofisi, magurudumu juu. Mnyororo umelala ndani ya kopo la mafuta ya taa. Anauinua, anausugua kwa kumbi la nazi kiungo kwa kiungo, na uchafu unachuruzika mweusi kama wino.

"Baba Zainabu, hayo ni mafuta ya taa yangu," mkewe Tabu anasema huku akitwanga. "Leo tena tutakula gizani."

Ofisi haitoi hata tone. Tabu anajua hilo, lakini husema kila Ijumaa.

Jirani yao Bwanaheri, mkwezi wa minazi, anachungulia juu ya ua. "Shemeji Tabu, hata mfungwa hang'arishi mnyororo wake! Mumeo kazidi."

Tabu anacheka. Muhidini hacheki.

Ana umri wa miaka arobaini na sita, na tisa kati ya hiyo amekuwa tarishi. Kila siku hupeleka barua Mikindani. Jumanne huenda Msimbati, ambako njia ni mchanga mtupu na upepo umejaa chumvi.

"Mnyororo ukienda kule mkavu, unashika kutu kabla hujarudi," anasema. "Mwaka juzi ulinikatikia. Nikasukuma baiskeli maili kumi na mbili, mfuko wa barua begani."

Ndiyo maana, akishauosha na kuuanika, hudondoshea kila kiungo tone la mafuta ya cherehani. Lakini karani mkuu mpya, kijana wa juzi, hataki mafuta. Kila Jumamosi hukagua baiskeli kwa leso nyeupe. Mara mbili leso imetoka na doa, na mara mbili ameandika "mchafu". Ikiwa ya tatu, Muhidini atanyang'anywa baiskeli, apewe ufagio.

"Nilimweleza kwamba mafuta si uchafu. Akaniuliza, 'Mzee, nani karani hapa?'"

Leo anaufunga mnyororo mkavu. Anakitazama kichupa cha mafuta, kisha anakitia mfukoni.

Jumamosi asubuhi leso inapita. Inatoka nyeupe.

"Umeona, mzee?" karani anasema. "Kumbe ukifundishwa unafundishika."

"Ndiyo, bwana."

Akifika kwenye maduka ya Chikongola, Muhidini anashuka, anainama nyuma ya ukuta na kuupaka mnyororo mafuta. Kumdanganya karani, anasema, hakukumuuma.

"Kilichoniuma, aliponisifu nilifurahi. Mtu mzima mimi, nilifurahi!"

Mwezi wa Rajabu ataomba kuacha kazi, afungue ufundi wa baiskeli barazani kwake. Wateja watatoka wapi, hajui. Tabu amemwambia ajiandae kula mihogo mikavu.

"Nitaila," anasema Muhidini. "Nikizidi kukaa pale, nitaanza kuzisubiri zile sifa."