Wimbo Uliokatwa Jina la Jos

Wewe ungelifuta jina la nduguyo ili upigiwe makofi?

Seth Hindmarsh, mchimba makaa ya mawe wa Durham, alitakiwa kufanya hivyo mwaka 1964, tena kwa adabu, na kijana aliyempenda. Rodney Pelham, mwanafunzi wa chuo kikuu, ndiye aliyekuwa katibu wa klabu ya nyimbo za asili, iliyokutana kila Ijumaa katika chumba cha juu cha baa. Kwake yeye wimbo wa asili hauna mtunzi. Umepita midomoni mwa watu hata mwenyewe akasahaulika. Wachimbaji walimcheka, wakasema wimbo kwa Rodney ni kama jibini, isipoota ukungu hailiwi.

Seth alikuwa ametunga wimbo wa mdogo wake Jos, aliyefukiwa akafa mgodini majira ya baridi ya mwaka huo. Alipomwimbia Rodney, kijana alifumba macho, akauliza umetoka karne gani.

"Nimeutunga mwenyewe, Februari."

Rodney akafumbua macho. Akaeleza kwamba kutoka London angekuja mgeni mwenye mashine ya kunasa sauti, na mgeni huyo hataki vitu vya juzi. Lakini Mzee Seth akisema ameurithi kwa babu yake, na akiliondoa lile jina, nani atajua?

Hasira hunipanda kila niwazapo hayo. Watu hawa waliwapenda wachimbaji, ila wachimbaji waliokwisha kufa na kusahaulika. Jos alikuwa amekosea kufa karibuni mno.

Seth aliwaza wiki nzima. Wimbo ukinaswa hautakufa, akajiambia. Heri wimbo bila jina kuliko jina bila wimbo. Lakini alikuwa ameshamwalika Nora, mjane wa Jos, aje asikie jina la mumewe likiimbwa mbele za watu, na hakupata ujasiri wa kumwonya.

Ijumaa ikafika. Nora aliketi nyuma na majirani zake, amevaa koti lake la kanisani. Seth akaweka kiganja sikioni kama wafanyavyo waimbaji wa nyimbo za asili, akasema wimbo huu ni wa babu yake, akaimba. Pale palipokuwa na jina la Jos akaimba "kijana mmoja". Makofi yalitikisa glasi za bia. Mgeni wa London akamshika mkono.

Nora alimsubiri ngazini.

"Shemeji, huyo kijana mmoja ni nani?"

Seth akaanza kueleza habari za mashine.

"Mimi sikuolewa na kijana mmoja," Nora akasema, akashuka.

Asubuhi iliyofuata Seth alikwenda kumwomba radhi. Jua lilikuwa limewaka vizuri. Kabla hajafika mlangoni alimwona Nora dirishani, akishusha pazia, kama afanyavyo mtu wa huko jeneza likipita barabarani. Seth akasimama. Jirani wa kushoto naye akashusha lake. Kisha wa kulia, kisha wa ng'ambo, nyumba hadi nyumba, mpaka mtaa wote ukawa umefunga macho, na Seth yu peke yake katikati ya barabara, kofia mkononi.