Tukikosana, Tutaketi Wapi?

Nikikumbuka ujana wangu, mwanangu, siku inayonijia kwanza ni ile ambayo mjomba wangu Zakayo alimnywesha chai mzungu aliyetuletea kazi hadi mlangoni, kisha akamrudisha alikotoka bila jibu. Nilimkasirikia nusura nilie. Keti hapa nikueleze, na hiyo simu iweke kando kidogo. Nina sababu ya kukwambia, na sababu yenyewe utaiona.

Mjomba Zakayo alikuwa ndugu wa mama yangu. Miaka hiyo ya tisini sisi tulikaa Makongeni, Nairobi, kwenye nyumba za reli, maana baba alikuwa karani huko. Mjomba alikuwa fundi katika kiwanda cha viatu. Ndipo soko la nchi likafunguliwa, viatu vya nje vikaingia, vipya na vya mitumba, vikamwagwa soko la Gikomba vikiuzwa bei ambayo kiwanda hakingeiweza hata kingefanya kazi bure. Watu wakapunguzwa kazini, naye akiwamo. Hakulia na mtu. Alichukua kisu chake na nyundo, akajenga kibanda cha mabati nyuma ya Soko la Burma, akaanza kushona akala, vile viatu vya tairi.

Usidhani zilikuwa akala za kuchungia ng'ombe. Chini aliweka tairi, lakini juu aliweka ngozi laini iliyokwisha tengenezwa, akaipamba kwa shanga. Ngozi hiyo huloweshwa ili ishike umbo la mguu, kisha huanikwa juu ya mabati mpaka ikauke kabisa ndipo ipigwe gundi. Mafundi wenzake walikuwa wachache, na mkubwa wao alikuwa Barasa wa Huruma, kijana mwenye maneno mengi na mikono myepesi. Mimi nilikuwa nimemaliza kozi ya uhazili na sina kazi, kwa hiyo nikawa mwandishi wao wa barua.

Basi siku hiyo akaja Karin, mama Mjerumani mwenye duka la viatu Hamburg. Alikuwa amewahi kufundisha Tanganyika ya zamani, akasema Kiswahili safi cha darasani ambacho Barasa alikisikiliza huku akijikaza asicheke. Alitaka akala zetu, tena nyingi, kila mwaka. Alikuja na mkataba ulioandikwa tayari kwa Kiingereza, nami nikausoma kwa sauti, nikitafsiri kifungu kwa kifungu. Bei ilikuwa nzuri kuliko tulivyoota. Mafundi walikuwa wameanza kutabasamu.

Mjomba hakuuliza juu ya bei. Aliuliza, "Hapo wanaposema habari ya kukosana, soma tena."

Nikasoma. Mzozo wowote ungeamuliwa Hamburg, kwa sheria za huko.

"Hamburg ni kwa nani?"

"Ni kwetu, mzee," Karin akajibu. "Ni jambo la kawaida tu. Mikataba yetu yote iko hivyo."

"Sawa, mama. Na kawaida yetu sisi, siku ya kwanza hatujibu."

Akaagiza chai na mandazi, wakaongea habari za watoto na mvua, kisha akamsindikiza mpaka Jogoo Road. Alimfanyia kama wazee wetu wa Magharibi ya Kenya wanavyowafanyia wageni waliokuja kuposa: unawakaribisha, unawalisha, na jibu halitoki siku hiyo hata kama msichana mwenyewe anachungulia dirishani akitamani kuondoka nao.

Aliporudi alitukuta tumenuna.

"Maze, Mzee Zakayo," Barasa akasema, "hii dili ikianguka, mimi naenda Gikomba kuuza mitumba. Si mchezo."

Nami nikamwunga mkono, tena kwa ulimi mkali kuliko wake. Nikamwambia mjomba kwamba dunia ya leo ni ya biashara, haina muda wa desturi za posa, na kwamba wako mafundi mtaa wa pili ambao wangeweka sahihi wakiwa wamesimama.

Hakunipandishia sauti. Alisema tu, "Agneta, mama, kaa chini." Halafu akanikumbusha habari ya Rasoa, mdogo wao yeye na mama, ambaye mimi nilimjua kama mama mdogo asiyependa kwenda harusini. Rasoa aliolewa ng'ambo ya mpaka, haraka haraka, na mtu mwenye mali. Kwetu, kabla ya kutaja ng'ombe, huulizwa kwanza ni wazee gani watakaoketi siku wawili hawa wakikosana, na wataketi boma la nani. Kwa Rasoa hilo liliachwa kwa sababu ya haraka. Baadaye mumewe alimfukuza akisema ni mwizi. Wazee wetu wakasafiri kwenda kumsemea, wakasimama nje ya lango, wakaambiwa jambo limeshaamuliwa na wenyewe.

"Si kwamba kesi ilitushinda," mjomba akasema. "Haikusikizwa kabisa. Mpaka leo dada yangu ni mwizi katika nchi ya watu. Mimi nina jina langu hapa Burma, Agneta, na sina kitu kingine. Siwezi kulipeleka jina hilo mahali nisipoweza kufika kulitetea."

Niliinama, lakini sikukubali. Ujana una masikio yake, husikia kinachoupendeza.

Jumapili tulimpelekea mkataba wakili mmoja tuliyesali naye. Alimcheka mjomba kwa mambo kadhaa, maana mzee alikuwa pia na hofu kwamba sahihi yake ingempa mzungu kibanda, na hilo halikuwamo popote. Lakini kwa kile kifungu hakucheka. Alitueleza kwamba watu wa nchi mbili wanapofanya biashara wana hiari ya kuchagua watafuata sheria ya nani na watasikizwa wapi, na kwamba makampuni makubwa hubishana siku nyingi juu ya hilo, ila wadogo humwachia yule aliyeandika karatasi. Wanaweza hata kuacha mahakama wakachagua msuluhishi mmoja anayeaminiwa na pande zote. Akatuonya kwamba Karin anaweza kukataa na kwenda zake.

Karin aliporudi alikasirika kweli. Uso ulimwiva. "Mzee, kumbe huniamini!"

"Nakuamini, mama. Nisingekuamini ningeuliza habari ya polisi. Mimi naulizia kiti."

Alikwenda kupiga simu kwao, akarejea na jibu. Angekubali tuketi Nairobi, mbele ya msuluhishi tutakayemkubali sote, lakini bei ingeshuka, kwa sababu siku ya ugomvi yeye ndiye angepanda ndege. Mjomba akakubali papo hapo. Barasa alitoka nje akapiga teke debe la gundi. Nami nilipiga chapa mkataba mpya nikiziona zile fedha zinavyopungua kwa vidole vyangu mwenyewe.

Kazi ikaanza, na kwa miezi ya kwanza kila mtu alisahau kununa. Kisha ikaja Julai. Unaijua Julai ya Nairobi, mawingu asubuhi, mawingu jioni, nguo zinakaa kwenye kamba mpaka zinanuka. Meli ilikuwa na siku yake na mzigo ulikuwa mkubwa. Tulifunga makasha tukiwa tumevaa makoti, yakaenda Mombasa, tukamshukuru Mungu.

Baadaye ikaja barua. Karin alisema akala zimeota ukungu, zinanuka, wateja wanazirudisha. Hayo yangevumilika. Lakini aliongeza kwamba Zakayo alimchanganyia ngozi mbovu ili ajipatie faida, na kwamba yeye ni tapeli. Nilipofika kwenye neno hilo nilisita, mjomba akaniamuru nisome. Alivua aproni yake, akaikunja, akakaa. Habari haikukawia kuenea Burma. Wauza ngozi waliokuwa wakimwita "fundi" wakaanza kumtazama kwa pembe ya jicho. Niliumia sana, mwanangu, kwa sababu nilimjua mtu yule. Alikuwa akikuta shanga moja imelegea, anafumua akala nzima.

Kwa kuwa mkataba ulisema tuketi Nairobi, Karin alikuja. Tulikutana ukumbini mwa kanisa, Makongeni, na msuluhishi alikuwa hakimu mstaafu, mama mmoja mpole wa Buruburu ambaye pande zote zilimkubali. Mjomba alivaa koti lake la harusi. Alikuwa amejiandaa kupigana. Njia nzima alikuwa akirudia, "Ngozi zangu ni safi, ngozi zangu ni safi."

Karin akaweka kasha mezani. Yule mama hakimu akamsogezea mjomba, akasema, "Fundi, lifungue mwenyewe. Utuambie unaona nini."

Akatoa akala moja, akainusa. Akaikunja. Akapitisha ukucha kati ya ngozi na tairi, ngozi ikaachana na tairi bila ubishi. 

"Ngozi ni ileile nzuri," akasema mwishowe. "Sikumwibia mtu. Lakini ilipigwa gundi kabla haijakauka. Hakukuwa na jua, na meli ilikuwa inangoja. Barasa, acha kunikanyaga mguu. Mimi ndiye niliyesema tufunge hivyo hivyo."

Barasa alitazama dari. Nami nilijua tumekwisha.

Karin aliangalia mikono yake. Kisha, bila kuulizwa, akasema kwamba mzigo ulikaa bandarini kwao muda mrefu kwa sababu wakala wake alichelewa kuutoa, katika ghala lenye unyevu, na kwamba hilo hakuliandika kwenye barua. Hakimu akagawanya hasara. Sisi tungeshona upya sehemu ya mzigo kwa gharama yetu, yeye angebeba iliyobaki. Kabla hatujainuka, Karin akasimama, akamgeukia mjomba mbele ya watu wote, mafundi na wauza ngozi waliokuja kushuhudia. "Nilikuita tapeli, mzee. Si kweli. Nalifuta neno hilo." Mjomba akatoa kitambaa akajifuta uso kana kwamba kulikuwa na joto.

Tukirudi nyumbani nilikuwa bado na uchungu wa ile hasara. Nikamwambia, "Mjomba, si ungenyamaza tu? Tumeshindwa."

"Tumeshindwa nusu," akasema. "Na kesho asubuhi nafungua kibanda nikiwa Zakayo."

Hapo ndipo nilipomwelewa. Angeitwa tapeli Hamburg, katika chumba asichoweza kufika, asingekubali kosa hata siku moja. Angekufa akiapa kwamba ngozi zake zilikuwa safi, Karin naye angekufa akiamini kwamba aliibiwa, na wote wawili wangekuwa wamekosea.

Biashara ile iliendelea miaka kadhaa. Kisha mitindo ikabadilika huko Ulaya, mashine za nchi nyingine zikatoa viatu vya plastiki vya bei ya chini, Karin akatuandikia kutuaga kwa heshima. Hatukuwa na la kufanya. Soko la dunia linapogeuka halimwulizi fundi wa Burma.

Sasa nikwambie kilichonifanya nikuite. Juzi nilikuona hapa kwenye kochi ukijiunga na ile kampuni ya ng'ambo utakayoifanyia kazi kwa kompyuta. Yakaja masharti marefu, ukayasukuma kwa kidole kama mtu anayefukuza nzi, ukagusa "nakubali". Nilikuuliza ukidhulumiwa utawashtaki wapi, ukacheka, ukasema, "Mama, hakuna mtu husoma hizo." Najua. Sisemi uikatae kazi. Ipende, ifanye, dunia imefunguka na wewe una akili za kuiingia. Ninachosema ni kwamba usome walipoandika habari ya kukosana. Kama unaweza kuwaomba wabadilishe, omba, hata wakikupunguzia kidogo. Kama hawabadilishi, basi ingia ukijua, na usiweke huko kitu ambacho huwezi kukipoteza kimyakimya. Na siku ukipewa nafasi ya kusikizwa, usiende kushinda tu. Kama kosa ni lako, liseme, hata kama kuna mtu anakukanyaga mguu.

Mungu akufungulie milango ya mbali na ya karibu, mwanangu. Mikono yako isikose kazi, jina lako lisisemwe mahali ambapo huna wa kukusemea, na siku utakapokosana na mtu, akujalie kiti cha kukalia na moyo wa kusema kweli.