Byabato na Askari wa Damu

Kaka yangu Byabato hajui kunong'ona. Kazi yake ni kupima damu kwenye kituo cha afya huku kwetu Kaisho, na akiona kitu katika hadubini, hata wanaongoja sindano nje watajua.

Mwaka 1987 mume wangu Apolinary alivimba mguu, ukatunga usaha, baada ya kukamua ndizi za pombe. Wanaume huzikanyaga ndizi mbivu pamoja na nyasi mpaka maji yake yatoke. Basi Apolinary akaapa kwamba Gaspari, kibarua wetu aliyekanyaga naye, ametia dawa mle. Akamwamuru ahame kabla ya Jumapili, yeye na mkewe Anonciata. Jamani, watu waliotoka Rwanda mikono mitupu, waende wapi? Nililia, nikagomba, wapi! Na mguu ulipomshinda kabisa, nani alimsukuma kwenye baiskeli mpaka kituoni? Gaspari huyo huyo. Aibu niliona mimi.

Byabato akamtoboa Apolinary kidole, akaweka tone la damu kwenye kioo alichokipasha joto kiganjani, akainama kwenye hadubini. Tukangoja. Mara akaruka.

"Shemeji! Njoo uone! Imetoa mguu!"

Apolinary akachungulia huku amenuna. "Naona kidude cha duara tu... Mungu wangu, kinatambaa!"

"Chembe nyeupe hiyo, askari wako mwenyewe!" Byabato alikuwa anarusha mikono. "Ikiwa imetulia ni laini kama ndizi mbivu, inajiminya na kupita kwenye vimishipa vyembamba. Ikipata habari za adui, inakaza mwili! Haitiririki tena. Inang'ang'ania ukuta wa mshipa, inatoa miguu, inajipenyeza nje mpaka kwenye kidonda. Huo usaha wako umejaa askari waliokufa wakikupigania, shemeji!"

Nami moyo ulinienda mbio kwa furaha, utadhani nimeonyeshwa mtoto mchanga. Apolinary akakunja uso upya.

"Na adui ni nani? Si dawa ya Gaspari?"

"Tutamuona sasa hivi."

Tabibu akapiga ganzi, akapasua jipu. Usaha ukamwagika, na ndani yake kikatoka kipande cha nyasi, kigumu, chenye ncha. Byabato akakinyanyua kwa koleo.

"Adui huyu hapa!" Sauti ilifika barabarani.

"Nyasi zile alikata nani?" niliuliza, na jibu ninalo. Apolinary hamruhusu mtu yeyote kukata nyasi za pombe yake. Ati wengine wanachanganya na magugu.

Alikitazama kile kipande weee. Kisha akamwita Gaspari, aliyekuwa mlangoni ameshika baiskeli.

"Nyasi nilikata mwenyewe," akamwambia. "Mke wako ameshafunga mizigo?"

"Ameshafunga, mzee."

"Basi nisukume twende. Nataka nimwombe mimi mwenyewe aifungue."