Jiko Lenye Mume Mbele Yake

Tangu mtungi wa gesi ulipuke shuleni, mpishi mkuu hakusogelea tena jiko lolote. Mikono ilishapona, ila akisikia tu gesi ikipumua, miguu inamtoa nje kabla hajaiamuru. Shule ilimshikia nafasi yake, lakini muhula ukifunguliwa hajarudi, ataajiriwa mwingine. Nyumbani alipika mumewe, fundi baiskeli, ambaye wali wake ungeweza kuziba pancha.

Mshauri wa kikundi cha walionusurika ajali, alichojiunga nacho mpishi, akawagawia wote kamera.

"Piga picha ya kinachokutisha," alimwambia mpishi. "Simama mbali utakavyo. Mwenye kamera ndiye anayeamua."

Mpishi akaanzia uani, kupitia dirishani. Jiko wapi! Alitokea mumewe, kifua mbele, mwiko begani kama bunduki.

"Baba watoto, sogea, napiga jiko."

"Jiko peke yake nani atalitazama?"

Siku iliyofuata alijikaza hadi mlangoni. Mume alikuwa amefunga tai.

Kwenye kikundi, mama mmoja aliyeangukiwa na nyumba alizikagua picha, akanong'ona, "Dada, kinachokutisha ni huyu?"

"Si yeye. Ila ungeonja mapishi yake!"

Wakacheka wote, mshauri naye akafuta machozi. "Sawa, lakini jiko bado sijaliona."

"Hata mimi," alisema mpishi, na hapo hakucheka.

Jumamosi akavuka kizingiti, kamera usoni. Mume alikuwa kwenye suti ya harusi yao, vifungo vikilia. Nyuma yake moshi ulipanda.

"Mchuzi unaungua!"

"Piga kwanza, nimebana tumbo!"

Mpishi akamsukuma kando. Ndani ya kamera akaona moto ukilamba ubavu wa sufuria mpaka juu.

"Mchuzi gani unapikwa kwa moto wa kuchomea vyuma?" alifoka, akanyoosha mkono, akaupunguza.

Ndipo akaona mkono wake ulipo. 

"Nizime?" mume aliuliza taratibu.

"Niache."

Akabaki hapo, jasho likimtiririka, akabonyeza kamera kwa mkono wa pili. Picha ikatoka imetikisika: vidole vyake, na mwali mdogo wa bluu.

"Mimi sijatokea?"

"Umetokea kiwiko. Sasa wapigie shuleni, waambie nakuja." Akautazama tena mwali. "Ila siku za mwanzo, kuwasha awashe mwingine."